Nepi Moja

Saa kumi na mbili alfajiri, Leicester, Januari.
Giza bado limeyaatamia mapaa.
Trevor anarudisha lori kinyumenyume,
mimi nyuma, glavu juu ya glavu,
navuta mapipa ya Mtaa wa Harewood
na magurudumu yanalalama kwenye barafu.

Taka zina ulimi. Mwaka wa tatu huu nazisikiliza.
Namba ishirini wameachana:
nusu ya vyombo, nusu ya picha za harusi.
Wanafunzi wa pale kona wanaishi kwa piza.
Namba kumi na nne wamepata mtoto.

Waliojenga mtaa huu walitupa majivu ya makaa
na labda mifupa ya Jumapili.
Leo nyumba moja ina kaya tatu,
kengele tatu mlangoni, majina sita,
na pipa ni lile lile.

Wiki jana mzigo wetu ulikataliwa.
Tani sita! Karatasi, makopo, chupa,
siku nzima ya migongo yetu.
Mkaguzi wa kiwandani alichomoa nepi moja kwa koleo,
akaiinua kama kielelezo mahakamani,
akasema: yote yakachomwe.
Nikamwambia Trevor, kwetu husemwa
samaki mmoja akioza, wote wameoza.
Akauliza samaki gani.
Kisha akaupiga usukani kwa kiganja, tukarudi kimya.

Sikusema nepi ni ya nani.

Leo, namba thelathini na moja, mlango unafunguka.
Bibi Hansaben, sweta juu ya sari,
soksi nene ndani ya kandambili.
Amesikia nikihesabu mapipa kwa mdomo,
moja, mbili, tatu.
"Wewe! Umetoka wapi na maneno hayo?"
Kiswahili cha kaunta ya duka, Kisumu,
kilichokunjwa sandukuni miaka hamsini
na bado hakijaliwa na nondo.

Ananipa karatasi ya halmashauri, kurasa nne,
mishale, rangi, herufi za chungu.
Namsomea: maganda humu, makopo mle,
hiki kisuuzwe, kile kisikunjwe.
Anacheka mpaka anashika mlango.
"Kurasa nne za maganda ya viazi!
Mama yangu alikuwa na ndoo mbili tu,
moja ya ng'ombe, moja ya moto.
Kisichoingia humo, hatukukinunua."

Jumamosi akanikuta na nguo zangu za nyumbani.
Tukabisha hodi mlango kwa mlango,
yeye na Kigujarati chake, mimi na Kiswahili,
Hodan wa namba tisa na Kisomali,
na Wiesława, ambaye hakusema sana
ila alichora: samaki, chupa, yai,
kila kitu na ndoo yake,
akabandika kwa gundi iliyokataa baridi.
Wengine walitufungulia. Mmoja alidhani tunahubiri.

Siwezi kusema mtaa umegeuka.
Wanafunzi bado wanatupa boksi na jibini lake.
Lakini vindoo vya mabaki vimeanza kuwa vizito,
uzito wa maji ya chai na maboga,
na nikivimimina, mvuke hupanda kidogo,
kama kwamba ndani humo kitu kimeshaanza
kuwa udongo.

Jana, namba kumi na nne, juu ya makopo safi:
nepi. Imekunjwa vizuri, kama barua.
Trevor alipiga honi. Nikabisha.
Akafungua msichana, nywele upande mmoja,
mtoto begani, jana bado iko machoni pake.
Nilikuwa na sentensi nzima ya halmashauri mdomoni.
Nikasema, "Hongera kwa mtoto."

Akaniangalia. Akaangalia mkono wangu.
Akanyoosha wake, akaipokea,
na uso ukamwiva mpaka masikioni.
"Usiku," akasema, "sioni pipa lipi ni lipi."

Leo nimemletea utepe wa kung'aa,
ule wa koti langu la zamani.
Nimeufunga kwenye mpini wa pipa jeusi.